Waliofungiwa Kabatini Lewisham

Wenzangu, tangu nirudi hakuna anayepita mlangoni pangu bila kuniuliza lile lile: kwenda umekwenda, Zuhura yuko wapi? Nimesimulia mpaka ulimi umekauka. Huyu anashika kichwa, yule anashika mkia, na juzi sokoni Darajani nimeambiwa eti mdogo wangu kaolewa na Mzungu mfuga nyoka. Basi yaishe. Naandika mara moja, msomeane wenyewe. Habari za pasi, viza na tiketi nimeziruka. Zilinitoa jasho na hazina ladha.

Barua hii ikimfikia asiyenijua, naitwa Maryam, wa Kikwajuni, na kazi yangu ni usomo. Biharusi huletwa kwangu kabla ya harusi, nikamtia ndani. Hatoki, haonwi na mtu, nampaka singo, ule unga wa manukato wa kusugulia mwili, namfunda ya kufundwa, na siku ya kutolewa mimi ndiye ninayepiga kigelegele cha kwanza. Nyumba yangu mnaijua: wana, wakwe, wajukuu, na mlango wa chumba changu ni pazia. Nilipoondoka hapa nilikuwa sijawahi kulala chumbani peke yangu, tangu kuzaliwa.

Zuhura ni mdogo wangu wa mwisho. Aliolewa na Salum wakaenda zao London, Salum akawa dereva wa basi, Mungu hakuwajaalia watoto. Mwaka jana Salum akafariki. Zuhura akakaa eda huko huko, na alipotoka eda, kaka zetu wawili wakaamua kwamba mjane hakai peke yake ugenini kama paka. Nikatumwa mimi nikamrudishe. Nami nikajitapa mbele yao: nisiporudi na Zuhura, msiniite somo tena.

Kisauni: kopo la singo

Nilifika uwanja wa ndege wa kwetu Kisauni na kikapu cha visheti, halua, achari ya maembe, na kopo la singo, maana nilijua mtu aliyetoka eda anataka kusuguliwa mwili urudi kuwa wake. Binti wa ukaguzi akafungua kopo, akanusa, uso ukabadilika. "Mama, unga gani huu?"

"Wa biharusi," nikamjibu.

Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Mkubwa, baba mzima mwenye kitambi, akachovya kidole, akanusa, akatabasamu peke yake akiangalia dari. "Pitisheni," akasema. "Hii nilipakwa na mke wangu." Foleni nzima ikacheka, na mimi nikapanda ndege nikiwa na moyo mkubwa kuliko akili.

Pa kubadilishia ndege

Tulipofika pa kubadilisha ndege, mchanga ulikuwa umefunika anga na hakuna kilichoruka. Tukakaa. Watu mia kadhaa, kila mmoja kainamia simu yake, hakuna anayemuuliza mwenziwe kwao wapi. Njaa ikanishika. Nikafungua visheti, nikatia kimoja mdomoni, hakishuki. Tonge la peke yako chungu, wenzangu. Nikamgeukia mama wa Kihindi aliyekaa karibu, amevaa sari na raba nyeupe, nikamsogezea kikapu.

"Asante, mama. Visheti, sivyo? Miaka mingi sijaviona," akasema kwa Kiswahili. Nusura nidondoshe kikapu.

Aliitwa Bi Kusum, mzaliwa wa Nakuru, baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni. Naye akatoa chapati zake nyembamba zilizokandwa na majani ya uwatu, na pilipili ya kukaanga, tukala mpaka vidole vikang'ara. Nikamuuliza anaishi na nani huko London. "Queensbury. Peke yangu," akasema.

Machozi yakanijia. Nikamshika mkono, nikamwambia Mungu atawahukumu watoto wake, mama wa umri huu kutupwa nyumbani kama jiko bovu. Bi Kusum akaniangalia, chapati imesimama njiani. "Nani amenitupa? Mimi ndiye nimewaambia watoke." Sikumwelewa. Nilidhani aibu inamsemesha.

Queensbury: ufunguo shingoni

Kwa ule ucheleweshaji, Zuhura alikuja uwanjani kunipokea, akangoja, shifti yake ikafika, akaenda kazini. Akatuma ujumbe nimngoje. Bi Kusum akasema sitangoja kwenye kiti cha chuma, nitangoja kwake, akamtumia Zuhura anwani. Mwanawe akatuchukua kwa gari, mwanamume wa heshima mwenye mvi za pembeni. Akatushusha mlangoni, akaingiza mabegi, akambusu mama yake, akaondoka. Hata maji hakunywa.

"Haingii?" nikauliza.

"Leo hajapiga simu kabla. Akitaka kuja, anapiga simu kwanza. Hiyo ndiyo sheria yangu." Akachomoa ufunguo uliokuwa shingoni mwake kwa uzi mwekundu, akafunga mlango kwa ndani, akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Mimi nilibaki mdomo wazi. Mwana apige simu ndipo aje kwa mama yake! Nilipita mle ndani nikiangalia: kikombe kimoja kwenye rafu, ndara jozi moja, kiti kimoja dirishani chenye mto uliobonyea. Akapika chai ya tangawizi akiimba. Nikasema moyoni, huyu mama kichwa kimempata, masikini, na chapati zake tamu.

Zuhura alikuja alasiri. Nilipomwona mlangoni nilipiga ukelele. Amekonda, mabega yamekuwa ya mtoto. Tukakumbatiana tukalia, Bi Kusum naye akalia, hata hajui anamlilia nani. Nguo za Zuhura zilinukia pumba. Nikakumbuka kuku wa mama yetu, nikajiambia labda amefuga kuku. Laiti wangekuwa kuku.

Treni isiyo na dereva

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, tukashuka, tukapanda nyingine ndogo ya juu. Zuhura akanikalisha mbele kabisa, kwenye kioo, nione mji. Nikaona mji, nikaona maji, nikaona majengo ya vioo, halafu nikaona kwamba mbele yangu hakuna mtu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia.

"Zuhura, dereva kenda wapi?"

"Haina dereva, dada."

"Haina nini?"

"Inajiendesha yenyewe."

Nikashika chuma kwa mikono miwili nikaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Kijana mmoja mwenye vifaa masikioni akahama kiti. Zuhura alicheka mpaka akajifuta macho, na mimi, pamoja na hofu yote, nikafurahi kusikia kicheko chake. "Salum alikuwa akiichukia treni hii," akasema. "Alikuwa akisema: kitu kinachokwenda bila mtu, mtu atakwenda wapi?" Tukafika Lewisham, mtaa wake.

Lewisham: chumba chenye joto

Fleti yake iko ghorofa ya pili, si mbali na hospitali. Vyumba viwili na kichumba. Baridi ilikuwa imekaa humo kama mpangaji. Nilivaa soksi mbili na kanga tatu, na bado meno yanagongana. Lakini nilipopita kwenye kichumba, nikahisi joto zuri likitoka chini ya mlango.

"Zuhura, mgeni gani huyo analala kwenye joto, na mimi dada yako nalala na soksi?"

Akashika kitasa. "Njoo nikuonyeshe. Usipige kelele lakini."

Nilipiga kelele. Kwenye rafu kulikuwa na mabeseni mapana ya plastiki, na ndani yake pumba za ngano, na pumba zilikuwa zinatembea. Zuhura akatia mkono kama anayeosha mchele, akainua kiganja, na kiganjani mabuu, kila mmoja urefu wa kidole cha kati, manjano ya ndizi mbivu, ncha zote mbili nyeusi kama zimeguswa na moto. Wakijisokota, wakipandiana. Wenzangu, roho iliniruka ikarudi kwa kuchelewa.

"Ni wa Salum," akasema.

Rafiki yake wa kazini alimpa boksi dogo la mabuu kwa masihara, Salum akawapenda. Alikuwa anabeba watu siku nzima, anasema akirudi anataka kuangalia kitu kisichomuuliza basi linafika saa ngapi. Akawazidisha, akawa anawauza duka moja la karibu, kwa sababu huku watu wanafuga mijusi. Narudia: mijusi, tunaowafukuza kwa ufagio, huku wanalala sebuleni ndani ya sanduku la kioo lenye taa, na wanapelekewa chakula.

Zuhura alivyokuwa akieleza, nilimsikia Salum ndani ya sauti yake. Huyu mdudu kwao ni Amerika ya kule kwenye joto, misituni, chini ya magogo yaliyooza, na mapangoni wanamolala popo, kwenye mavi yao. Anakula kilichokufa na kilichooza, anakirudisha kuwa udongo. Lau si yeye na wenziwe, msitu ungezama kwenye uchafu wake. Ndiyo maana anataka joto na giza. Maji hanywi, anakata kiu kwa kipande cha karoti. Hata lile povu kavu jeupe la kufungashia friji, ukimtupia, analitafuna. Na ikiwa hataliwa na mjusi, hageuki kipepeo wala nini. Anakuwa mbawakawa mweusi.

Akanifunulia beseni la mwisho. Humo, kwenye trei za mayai, walikuwako mbawakawa wachache weusi kama kokwa za zambarau, wakijikokota. Wana mbawa, lakini huyu si mtu wa kuruka. Nikagusa mmoja kwa ncha ya kidole. Akanyanyua matako na kuniachia harufu, kali, kama dawa iliyoharibika, na niliosha mkono kwa sabuni na ndimu haikutoka. Hapo nikakimbia. Zuhura alikuwa bado anasema, "Ngoja dada, kuna na kabati..." Mimi nilishafika jikoni.

Wakati wa chakula nikamwambia nililotumwa. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. "Zuhura, nimekuja kukuchukua. Kaka zako wanakungoja. Chumba kipo, watu wapo, hutakaa peke yako tena."

"Kula, dada, samaki anapoa," akasema.

Kila siku nikauliza, kila siku samaki anapoa. Siku ya soko tulikwenda kununua karoti, fungu kubwa. Nikasema mdogo wangu ananijali. Alipokwenda kazini nikazikata zote nikapika mchuzi wa nyama. Aliporudi akafunua sufuria, akaniangalia, akatoka tena kwenda sokoni.

Siku niliyotenda wema

Zuhura anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha. Siku moja ya mvua, shifti ndefu, akaniacha. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sijawahi kuwa peke yangu ndani ya nyumba. Hakuna mtoto analia, hakuna mkwe anagombana na sufuria. Masikio yalikuwa yananiuma kwa ukimya. Nikachukua msala wangu, nikaenda kusali kwenye kichumba cha wadudu, maana afadhali wao, na joto lipo.

Nilipotoa salamu ya kushoto nikaliona lile kabati, mlango wake uko wazi kidogo. Nikainuka nikalifungua. Ndani mlikuwa na droo za plastiki, zile za vichumba vidogo vidogo vya kuwekea misumari na vifungo, na katika kila kichumba buu mmoja. Mmoja tu. Hana pumba, hana karoti, hana mwenzake, gizani. Wengine wamejikunja kama pete, hawatikisiki. Wengine, Mungu nisamehe, walikuwa si mabuu tena. Walikuwa weupe, laini, miguu imekunjwa kifuani kama maiti aliyekwishaoshwa.

 Nikajua sasa kwa nini mdogo wangu amekonda na kwa nini hajibu. Msiba umemgeuza akili. Yeye kafungiwa peke yake, na yeye anafungia viumbe peke yao, anawaua kwa njaa mmoja mmoja. Nililia, wallahi, nilimlilia Zuhura na nikawalilia wale wadudu. Kisha nikafanya ambalo kila mmoja wenu angelifanya. Nikawatoa, droo baada ya droo, nikawamimina wote kwenye beseni kubwa la wenzao. Nikawakatia karoti nzuri. Nikawaambia: kuleni na watu.

Jioni nilimpokea Zuhura mlangoni na chai. "Mdogo wangu, leo nimekufungulia wale wafungwa. Nimewarudisha kwa ndugu zao."

Mkoba ukamtoka mkononi. Akapita mbele yangu na viatu vyake.

Mimi nikamfuata, nikainamia beseni pamoja naye, na hilo nililoliona sitalisahau. Wenziwao walikuwa wamewazunguka wale weupe. Nilidhani wanawanusa. Walikuwa wanawala. Kulikuwa na mlio mdogo mkavu, kama mtu anatafuna bisi chumba cha pili. Mmoja mweupe alikuwa akijipinda, kushoto, kulia, hana mguu wa kukimbilia wala mdomo wa kupigia kelele, na kubwa zima la njano limeshamla ubavu. Nikatia mkono, mimi niliyekimbia siku ya kwanza, nikatia mkono mzima niwatoe, nikatoa vipande.

Zuhura akakaa chini sakafuni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Dada," akasema, "hao ndio walikuwa mbegu."

Ndipo akanieleza nilichokikimbia. Mdudu huyu, maadamu yuko kwenye kundi, hageuki. Wenzake wakimgusagusa, anabaki buu. Anakula, ananenepa, anavua ngozi, anakula tena, mpaka anazeeka na kufa buu. Mwili wake unajua kwamba anayelala kati ya wengi ataliwa. Mtenge peke yake, gizani, bila chakula, bila kuguswa: atahangaika siku chache, kisha atajikunja, atavua ngozi, atalala mweupe kama walivyokuwa wale, na mwisho atatoka mbawakawa mwenye kutaga. Hakuna njia nyingine.

"Nilipokaa eda sikuwa na nguvu ya kuwatenga," akasema. "Wakubwa wamezeeka wote, hawatagi tena. Hawa wa kabatini ndio ningeanza nao upya. Hao ni uzao wa wale wa mkono wa Salum."

Wenzangu, nilipigwa na bumbuwazi hata machozi hayakuja. Si kwa ajili ya wadudu tu. Mimi ni somo! Nimefungia watoto wa watu chumbani maisha yangu yote, nimewafukuza mama zao mlangoni wakija na vikapu vya huruma, nikiwaambia mwache, msimguse, bado. Leo nimeonyeshwa maharusi kabati zima, nisiwatambue hata mmoja.

Kuwatia ndani

Kesho yake Zuhura alikuwa na siku ya mapumziko. Akavuta beseni, akakaa kitako. "Waliobaki wamezeekea utotoni," akasema. "Wengi hawatageuka tena. Nitachagua wenye nguvu nijaribu mara moja." Kisha akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nifike. "Dada, sikiliza. Wakigeuka, nabaki. Wasipogeuka, nitafunga begi twende zetu. Sitakuwa na cha kunishika hapa."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka na wadudu. Lile nililolitafuta kwa machozi na kwa kiapo, limewekwa kwenye sahani mbele yangu. Ilinitosha kukaa kimya.

Lakini mikono yangu haikuzaliwa kukaa. Nilianza kumsaidia kuchagua. Nilimjua buu mwenye nguvu kwa kumwinua: anayekukaza kidole huyo ana haja ya kuishi, anayelegea mrudishe. Tukawatia mmoja mmoja kwenye vichumba vyao. Kabati likawa linapitisha mwanga kwenye ufa wa mlango. Nikalifunika kwa kanga yangu nzuri, ile yenye maandishi msiyoyapenda.

Zuhura akarudi kwenye shifti zake, nikabaki mimi na kabati. Sasa niseme kweli, maana mtasikia tu. Shetani hakuhitaji kunisumbukia. Ilikuwa ni kutia wawili chumba kimoja, basi. Hakuna ambaye angejua. Zuhura angesema walikuwa wazee. Siku moja nikavuta droo, nikamtoa mmoja, nikamshika juu ya kichumba cha jirani yake. Nikawaona kaka zangu wakinipokea uwanja wa ndege, Zuhura pembeni yangu. Nikamwona na yule buu, kidoleni mwangu, anakaza.

Nikamrudisha mahali pake. Sijawahi kumharibia mtu biharusi aliyekabidhiwa kwangu, na sikwenda Lewisham kuanza.

Wakawa wanajikunja, mmoja leo, wawili kesho. Wengine walikufa, tukawatupa. Wengine wakavua ngozi wakalala weupe, na ukiwapulizia pumzi walikuwa wakitikisa mkia kidogo, kama mtu usingizini anayekataa kuamshwa. Kila asubuhi nilifunua kanga kwa vidole viwili, nikachungulia, nikafunika.

Asubuhi moja, Zuhura keshakwenda kazini, nilichungulia nikaona mgongo wa mmoja unapasuka. Nikavuta kiti. Alisukuma, akapumzika, akasukuma. Akatoka mweupe kama tui, kichwa na miguu tu ndio hudhurungi, mbawa laini zimekunjamana. Akasimama. Wenzangu, sikujua nafanya nini. Mkono ulinipanda mdomoni wenyewe, na nikapiga kigelegele, kirefu, kile cha siku ya kutolewa biharusi, mpaka jirani wa juu akagonga sakafu yake kwa kisigino.

Kisha nyumba ikanyamaza, na nikasikia nilichokifanya. Nimeshangilia. Nimepiga kigelegele kwa kushindwa kwangu mwenyewe.

Aliporudi Zuhura, yule mbawakawa alikuwa ameshaanza kuwa mwekundu, rangi ya chai ya rangi. Baada ya siku chache angekuwa mweusi. Zuhura akamtia kiganjani, akamwangalia sana. "Ulimwona akitoka?" akaniuliza.

"Nilimwona."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake. Mimi nilikuwa mtazamaji tu."

Akalia, nami nikalia, kila mmoja na lake. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka hapa: "Dada, nilitoka chumba cha wasichana sita nikaingia chumba cha Salum. Mimi mwenyewe sijui nikoje. Nataka nijue." Usiku ule sikumuuliza tena kuhusu kurudi. Nilitoa kopo langu la singo, nikamsugua mikono, mabega, mgongo, naye akanyamaza kama anavyotakiwa kunyamaza.

Kurudi

Nilipoondoka, trei za mayai zilikuwa na mbawakawa weusi wanane, na Zuhura alikuwa ameshaona mayai kwenye pumba, madogo, kama punje za mchele uliokatika. Tulipanda treni isiyo na dereva, nikakaa mbele kwa hiari yangu. Uwanjani alinikumbatia kwa nguvu. Mabega yake yalikuwa na nyama kidogo. Nilimpitia Bi Kusum kwa simu kumuaga; akaniambia nimepiga wakati mbaya, yuko dirishani anakunywa chai, nipige baadaye. Nilicheka mpaka nikashindwa kuonyesha tiketi.

Kaka zangu walinipokea na gari la kubebea mizigo ya watu wawili. Wakatazama nyuma yangu. "Zuhura yuko wapi?"

"Nimemtia ndani," nikasema. "Siku yake ya kutoka haijafika."

Wakatazamana. Wanaume hawaingilii kazi ya somo, hilo wanalijua tangu wakinyonya. Kaka mkubwa akachukua kikapu changu. Mpaka leo hawajasema kitu, na mkitaka kuendelea kuniita somo au kutoniita, ni juu yenu.

Sasa la mwisho, mlilonong'onezana barazani mkidhani sisikii. Ni kweli nimetoa makaa kwenye stoo ya uani, nimepaka chokaa, nimeingiza kitanda changu. Ni kweli nimemwita seremala akanitilia mlango wa mbao, na komeo kwa ndani. Siumwi. Sijagombana na wakwe zangu. Sijanuna. Alasiri naingia humo nakunywa chai yangu, na visheti vinashuka.

Karibuni sana, milango yangu ni yenu siku zote. Lakini mkija, bisheni hodi.